Kuku Aliyefuta Blogu

Kila Jumamosi kazi za Awinja zilikuwa zile zile. Alifungulia kuku, akafagia uwanja, kisha akasugua sufuria hadi zikameremeta. Nyanya yake, ambaye mtaa mzima wa Shirere ulimwita Kukhu, alikuwa na sheria moja tu jikoni: chombo kikitumika, mwaga, sugua, anza upya. Ole wake aliyeacha ukoko wa obusuma, yaani ugali, ndani ya sufuria!

Kuku wote walikuwa wa Kukhu isipokuwa Kipusa, mtetea mweupe mwenye maringo. Awinja alikuwa amemlea tangu akiwa kifaranga kwenye katoni kando ya meko. Hakutaka kabisa kusikia neno "mchuzi" likitajwa karibu naye.

Jumamosi hii kulikuwa na kazi nyingine. Mwalimu Mideva, mlezi wa chama cha tarakilishi shuleni, alikuwa amemkabidhi Awinja kipakatalishi cha shule. Ndani yake mlikuwa na blogu ya Gredi ya Saba. Ilikuwa haijawekwa mtandaoni. Waliifanyia majaribio humo humo kwanza. Programu ya blogu ilikaa ndani ya kontena, yaani kisanduku cha kitarakilishi chenye kila kitu inachohitaji. Hifadhidata iliyotunza makala ya wanafunzi ilikuwa na kontena yake. Hivyo majaribio yakienda mrama, kipakatalishi chenyewe hakingedhurika.

Awinja alitakiwa kubadilisha rangi ya blogu tu, kwani Jumatatu wazazi wangekuja kuiona. Mwalimu alikuwa ameahidi kupita adhuhuri kukagua.

"Ukimaliza, zima kontena," alikuwa amemwambia. "Kuzima tu. Usifute."

Awinja alisikia kwa sikio moja. Alipoona rangi imekataa kubadilika, alikunja uso. "Hii ni uchafu tu," alisema. Basi akafanya kama alivyofanya kwa sufuria: akafuta kontena zote mbili, akaziunda upya. Blogu ikafunguka ikiwa ya kijani kibichi, safi kabisa. Ilikuwa safi mno. Hapakuwa na makala hata moja!

Wakati huo huo Titus, mwanafunzi mwenzake, akaingia akihema.

"Nionyeshe yangu!" alisema. Alikuwa ameandika kuhusu fahali wa mjomba wake, ambaye siku ya mapambano ya mafahali alimwona mpinzani wake, akageuka na kwenda kujificha kwenye miwa. Titus akachungulia. "Awinja, fahali ako wapi?"

Awinja akabofya huku na kule. Kipusa naye, kwa bahati yake mbaya, akarukia meza na kupita juu ya kibodi akifuata punje ya mahindi.

"Ni Kipusa!" Awinja akaropoka. "Hata kabla hujafika alikanyagakanyaga hapa, akafuta kila kitu!"

Kukhu akatoka jikoni akifuta mikono. "Kuku amefuta kazi ya shule? Nami nimekaa hapa nikijiuliza nitamchinjia mwalimu ingokho gani! Mgeni hapa hakulangi mboga tupu. Basi, mwenye makosa amejileta mwenyewe."

Kabla Awinja hajafumbua kinywa, Kipusa alikuwa amefungwa mguu kwenye kigoda na Kukhu alikuwa akinoa kisu. Awinja alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu Mideva alipofika, alielezwa kesi yote. Akaketi mbele ya kipakatalishi.

"Alikanyaga wapi?"

"Hapa, na hapa, halafu pale kwa kitufe kikubwa," akajibu Titus, ambaye hakuwa ameona lolote.

Mwalimu alimtazama Kipusa kwa heshima. "Huyu kuku ni msomi. Kufuta makala yote kunahitaji amri ndefu, na yeye ameiandika bila kosa hata moja." Kisha akashusha pumzi. "Lakini kama amekanyaga ovyo, sijui ni nini kingine kimeharibika. Afadhali nifute kila kitu, mwandike makala upya." Akaanza kuandika amri.

"Maji yamechemka!" Kukhu akapaza sauti, kisu mkononi.

"Kukhu, mwache!" Awinja akalia, akimkumbatia Kipusa. "Mwalimu, ngoja! Ni mimi! Rangi ilinishinda, nikafuta kontena nikaziunda upya. Kipusa hana makosa."

Mwalimu aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Ulifuta kontena pekee?"

"Kontena pekee, Mwalimu."

"Basi tuna bahati. Hifadhidata iko ndani ya kontena, lakini makala yenyewe hutunzwa kwenye ghala nje yake. Umeunda kontena mpya, ikapewa ghala jipya tupu. Lile la zamani linapaswa kuwa bado lipo. Nilikuwa karibu kulifuta sasa hivi."

Akatafuta, akalipata, akaliunganisha na kontena mpya. Titus akapiga kelele. Fahali alikuwa amerudi, na woga wake wote.

Kukhu alirudisha kisu mahali pake. "Mwalimu, nisamehe, baada ya haya sina moyo wa kuchinja, leo utakula mrenda. Na wewe Awinja, utauchuma, utaupika, na sufuria zote utaosha peke yako."

"Mrenda naupenda sana," Mwalimu akasema. Kisha akamgeukia Awinja. "Kukosea si ajabu. Mimi mwenyewe nimefuta mengi. Lakini uliponiambia ni kuku, nilianza kutibu ugonjwa ambao haukuwepo, na karibu niue mgonjwa. Mtu akisema alichofanya hasa, tunajua pa kutafuta. Ukificha, anaumia asiye na hatia."

"Nimekoma, Mwalimu," Awinja akasema, machozi yakimlengalenga.

Jumatatu wazazi walisoma kuhusu fahali mwoga wakacheka. Lakini walicheka zaidi waliposoma makala mapya yaliyofuata, kuhusu kuku aliyesingiziwa na kuponea chupuchupu. Chini yake kulikuwa na jina la mwandishi: Awinja.