Karatasi Zenye Mgongo Mweupe

Kila siku baada ya masomo, Émérance alivua sare, akala viazi alivyowekewa na mama yake, kisha akawasha makaa na kukaanga karanga za kuuza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mtaa wote wa Keshero, mjini Goma, hakuna aliyekunja kifuko cha karatasi kwa ustadi kama yeye. Ncha kali chini, mdomo mpana juu, karanga hata moja haichungulii nje.

Huo ulikuwa mwaka 2009, na jamaa yake hawakuwa wenyeji wa Goma. Walitoka katika milima ya Masisi, ambako baba yake, Papa Honoré, alikuwa karani katika kituo kidogo cha polisi wa roulage, wale wanaosimamia magari barabarani. Dereva akikosea, askari alimnyang'anya leseni ya kuendeshea, ambayo kule kila mtu anaiita permis, naye karani akaandika shauri katika rejista. Papa Honoré alikuwa na utaratibu wake: kosa moja, karatasi moja. Mbele aliandika jina, namba ya permis, gari na kosa. Dereva akirudi kumaliza shauri lake, alirudishiwa permis yake na kutia sahihi nyuma, mahali ambapo Papa Honoré alipaita mgongo wa karatasi.

Siku vita vilipofika kijijini, kila mtu alikimbia na alichokishika. Huyu alibeba sufuria, yule akavuta mbuzi. Papa Honoré aliingia Goma na rejista kichwani, imefungwa katika kipande cha hema. Mama Perpétue, mkewe, hakuwa amesahau. "Godoro lilibaki," alikuwa akiwaambia majirani, "lakini makosa ya madereva tulifika nayo yote!"

Lakini hata yeye alisogeza kiti Jumapili baada ya misa, baba alipoifungua ile rejista kuwasomea.

"Sikieni huyu," baba alisema. "Muzee Éphraïm. Moto moja, ile pikipiki yake, batu batatu na jogoo. Jogoo njo alilalamika sana."

Walicheka mpaka machozi. Kisha walinyamaza, kwa sababu Muzee Éphraïm alizikwa kulekule, na hakuna aliyejua kama kaburi lake bado linapaliliwa. Familia nyingine zina albamu za picha. Wao walikuwa na makosa ya barabarani, na katika kila kosa kulikuwa na njia ya nyumbani: daraja la mbao, soko la Jumatano, harufu ya maziwa, ukungu uliokawia kuondoka asubuhi. Émérance aliipenda rejista ile kuliko kitu chochote cha nyumbani mwao. Ndiyo maana alichokifanya kilimshangaza hata yeye mwenyewe baadaye.

Wiki moja ya mvua, karatasi zilimwishia. Madaftari yote ya zamani yalikuwa yamekwisha, na karanga zilikuwa tayari zimeiva. Akapanda juu ya kigoda, akaishusha rejista.

Alikuwa mtoto msafi. Hakutaka karanga za watu ziguse wino, kwa hiyo alitafuta karatasi ambazo nyuma hazijaandikwa, ili upande safi uwe ndani. Karibu zote zilikuwa na sahihi mgongoni. Mwishoni tu alikuta saba zenye mgongo mweupe pe.

"Hizi zimesahauliwa," alijisemea. "Baba hakuzimaliza."

Akazichana zote saba, akakunja, akauza. Mwenda pole hajikwai, lakini Émérance siku hiyo alikuwa na haraka.

Siku tatu baadaye, mchana, mwanamume mwembamba alibisha hodi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Munigi, ambako aliishi katika kambi ya wakimbizi wa vita.

"Papa Honoré, unanikumbuka? Miye Damascène."

"Damascène!" baba alipiga makofi. "Camion ya bluu, lori kubwa! Ulijaza makabichi mpaka weye dereva hauonekane. Mvua ilikuwa inanyesha, na tuliyabeba pamoja mpaka chini ya paa la kituo."

"Njo siku hiyo mulinikamata permis," Damascène alisema akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Papa, permis iliungua pamoja na kituo. Sasa nimepata kazi. Patron mumoja wa Himbi iko na camion, ananingoja mpaka kesho saa sita. Lakini bureau haiwezi kunipa permis ingine bila namba ya ile ya zamani. Batu wameniambia rejista iko kwako."

"Iko!" baba alisema kwa fahari. "Godoro hapana, lakini rejista iko."

Aliifungua magotini. Alipekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Kidole chake kikasimama penye mashina ya karatasi zilizochanika.

"Namba unaikumbuka weye mwenyewe?" aliuliza taratibu.

"Hapana, Papa. Weye je?"

"Ninakumbuka makabichi. Namba hapana." Baba alifuta uso kwa kiganja. "Labda zilitoka njiani, ile siku ya kukimbia. Vita, mutoto yangu. Vita imetunyang'anya mingi."

Émérance alisimama mlangoni na beseni la karanga. Hakuna aliyemwuliza kitu. Baba mwenyewe alikuwa amempa kisingizio, tena cha bure, maana vita vilikuwa vimebebeshwa lawama nyingi na lawama moja zaidi isingeonekana. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha.

Kisha akaiona mikono ya Damascène. Ilikuwa imechanika vidoleni kwa kuvunja mawe ya volkano kutwa nzima.

"Papa," alisema, "si vita. Ni mimi. Nilizichana, nikafungia karanga."

Mama Perpétue aliacha kuchambua maharagwe. Baba alimtazama mwanawe, na Émérance angependa apigwe kofi kuliko kutazamwa vile.

"Uliuzia nani?" baba aliuliza.

"Mama Dorine. Alinunua zote, ya watoto wake."

Baba aliinuka bila kuvaa viatu, Damascène na Émérance wakamfuata.

Mama Dorine alikuwa jirani aliyetoka upande wa Bukavu, mama asiyetupa kitu. Kila karatasi iliyoingia nyumbani kwake aliilaza katika kopo la maziwa, iwe ya kuwashia moto. Walipofika walimkuta ameinama mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, na mkononi ana karatasi iliyosokotwa, ncha yake ikiwaka.

"Mama, usiwashe!" Émérance alipiga kelele. Aliikamata ile ncha kwa kiganja, akauzima moto. Kiliuma, lakini hakuachia.

"Mutoto huyu ana wazimu?" Mama Dorine aliuliza. "Juu ya nini ananinyang'anya kartasi?"

Waliikunjua. Pembe ilikuwa imeungua, lakini jina lilisomeka: Damascène, makabichi, mzigo kupita kiasi. Na namba, tarakimu zake zote. Damascène aliisoma kwa sauti, akaketi chini kwenye mawe ya ua na kufunika uso.

Katika kopo walipata nyingine nne. Mbili zilikuwa zimekwisha kuwa majivu.

Kesho yake asubuhi baba alikwenda na Damascène kwenye bureau ya permis, rejista kwapani, kisha mtaa wa Himbi, na kabla ya saa sita patron alipata dereva wake. Mwezi ulipokwisha, camion ilisimama Keshero. Damascène alishuka na kabichi kubwa la Masisi. Mama Perpétue alilinusa kabla ya kulipeleka jikoni, akageuka upande ili asionekane akilia.

Baba alikuwa amezishona zile karatasi tano kwa sindano na uzi. Aliigeuza ile yenye pembe iliyoungua, na Damascène akatia sahihi yake mgongoni.

"Andika tarehe," baba alimwambia Émérance. Akaandika.

Kisha baba alitoa karatasi mbili mpya. Aliandika majina mawili aliyoyakumbuka, Jeancy na Harelimana, na makosa yao. Mahali pa namba akapaacha wazi, kwa kuwa namba hakuikumbuka, na hakutaka kuibuni.

"Hawa wakikuja, Papa, utawaambia nini?" Émérance aliuliza.

"Weye njo utawaambia. Vilevile ulivyoniambia miye." Alimshika begani. "Kama ungenyamaza, ningelaumu vita, na Damascène angevunja mawe mpaka uzee. Kusema kweli kumemurudisha njiani. Lakini ujue, mutoto yangu: kitu cha mutu ukikiona kimenyamaza, usiseme kimesahauliwa. Uliza kwanza. Mgongo mweupe ni mutu tunayemungoja."

Tangu siku hiyo Émérance alifungia karanga kwa madaftari yake mwenyewe. Na kila mama aliyekuja kununua, Émérance akimsikia ana lafudhi ya Masisi, alimwuliza kwanza: "Mama, hamujui Jeancy, wa moto nyekundu? Ao Harelimana? Kartasi yao iko kwetu."