Chumvi ya Pango la Elgon

Hilux nyeupe ilichomoka nyuma ya maghala ya reli mjini Bungoma bila kuwasha taa ya kuonyesha inakopinda.

Nangila Wamalwa aligonga bega la mwendesha boda.

"Hiyo hapo. Ifuate. Usiikaribie."

"Si ungesema mapema, bana!" Pikipiki yake ya Boxer ikanguruma, ikapenya katikati ya baiskeli na mikokoteni ya ndizi.

Nangila hakuwa ametulia tangu asubuhi. Tangu simu ya Levi.

Levi alikuwa mpakiaji katika ghala moja pale relini, na kwa miezi kadhaa alikuwa pia jicho la idara ya siri aliyoitumikia Nangila. Asubuhi hiyo gunia lilikuwa limepasuka mikononi mwake. Akapiga simu mara moja. "Madam, tulikuwa tunajisumbua bure. Ni chumvi tu. Nimeionja."

Kisha akakohoa.

Kisha simu ikaanguka.

Nangila alipofika alimkuta amelala kando ya ukuta, povu limemkauka mdomoni, na simu yake bado iko hewani. Alikuwa ameona maiti kabla ya hapo. Lakini hakuwa amewahi kuona mtu aliyeuawa na kidole chake mwenyewe.

Kifaa cha mawasiliano, kidogo kama punje ya haragwe, kilikwaruza sikioni mwake.

"Mundu, hapa Jembe. Toa habari."

Mundu alikuwa yeye. Jembe alikuwa Kipyegon, mkuu wake, mtu mwenye sauti baridi isiyopanda wala kushuka.

"Jembe, hapa Mundu. Mzigo uko barabarani kuelekea Kitale. Magunia manane, chini ya turubai. Tuukamate ukipita Kamukuywa."

"Hapana."

"Mkuu, Levi amekufa."

"Najua. Ukimkamata dereva, unabaki na dereva. Mimi namtaka Brandt. Nawataka na wenye bunduki wanaovuka kutoka Uganda. Wote watakutana pangoni siku moja, na siku hiyo unaipanga wewe."

"Na akina mama wa kanisa?"

"Wapange mbali na chumvi," Kipyegon akasema, akakata.

Nangila alishika chuma cha pikipiki mpaka vidole vikamuuma. Alikuwa anaogopa, na ile haikuwa hofu ya risasi. Risasi aliijua.

*

Mpango wa Brandt ulitisha kwa wepesi wake.

Ndovu wa Mlima Elgon huingia mapangoni. Hupapasa gizani kwa mikonga, wakachimba kuta kwa pembe, wakala chumvi ya mwamba. Wamefanya hivyo tangu enzi za mababu. Brandt, mgeni aliyejiita daktari wa vipepeo, alikuwa ameichunguza tabia hiyo. Ukimwaga chumvi yenye sumu pale wanapolamba, huhitaji kuwinda. Kundi zima linajiangukia lenyewe. Wenye misumeno wanaingia, pembe zinavuka mpaka.

Na kijito kinachotoka pangoni? Hicho kilikuwa kinateremka hadi kwenye mashamba ya Endebess, ambako watu walikinga maji ya kunywa. Brandt hakuwa na habari nacho.

Tatizo lake lilikuwa moja tu: namna ya kupitisha magunia kwenye geti la hifadhi ya mlima. Ndipo akaingia Mukhisa, mfanyabiashara wa Bungoma mwenye tabasamu pana, mdhamini wa kila harambee. Mukhisa alisikia kwamba akina mama wa kanisa moja la Tuwan, mtaa wa pale Kitale, wanapanga kwenda kutembea msituni. Akajitolea chakula chote na lori la kukibeba. Nani angepekua sufuria za akina mama?

Akina mama nao walikuwa wamemwajiri mpangaji wa safari, msichana mpole mwenye kiofisi kidogo cha kukodi mjini.

Msichana huyo alikuwa Nangila.

Kikao cha mwisho kilifanyika kanisani Tuwan, mchana, kwa chai na mandazi. Mama Beth Wangu, mwenyekiti, alikuwa ametandaza ramani juu ya meza na kuikandamiza kwa birika.

"Nangila, msichana wangu, hebu rudia. Tunatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, mama. Tunaingia getini, tunaenda mpaka kwenye uwanja wa nyasi chini ya miti ya mipodo. Pana vyoo, pana kivuli. Mtapika hapo. Hakuna mtu kupanda mapangoni."

"Ai! Na mimi nilitaka kuona pango!"

"Njia inateleza, mama. Magoti yako."

"Magoti yangu yako sawa. Ni ya Phelista ndiyo mabaya."

Phelista, mpishi wa kikundi, mzaliwa wa Bungoma, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Acha uongo, Mama Beth! Mimi nitapanda huo mrima nikiwa nimebeba sufulia!"

Mukhisa alicheka pamoja nao. Brandt, aliyeketi pembeni na Garmin yake, kifaa cha kuonyesha njia, mkononi, hakucheka.

"Ndovu," akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza vitabuni, "hutoka pangoni wakati gani?"

"Kabla jua halijachomoza, daktari."

"Na hurudi?"

"Giza likiingia." Nangila akatabasamu. "Kwani vipepeo nao hulala pangoni?"

Mukhisa aliacha kutafuna.

"Dada," akasema polepole, "wewe unapenda kuuriza."

Jasho lilimteremka Nangila mgongoni kama mdudu.

"Ni kazi yangu, mzee. Nisipouliza, watu wanapotea msituni."

Mukhisa akamtazama. Akachukua andazi lingine.

*

Siku ya safari ilianza vizuri, na hilo ndilo lililomtia Nangila wasiwasi. Basi la kukodi liliimba njia nzima hadi Endebess. Lori la Mukhisa, Canter, lilifuata nyuma. Askari wa getini, kwa amri ya Kipyegon, hawakugusa hata kamba ya turubai.

Mpango wa Nangila ulikuwa lori lishushe chakula uwanjani kisha lipande na magunia hadi karibu na pango. Akina mama wabaki chini, chumvi iende juu.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Mita chache baada ya uwanja, mti ulikuwa umeanguka na kulala barabarani.

"Shusheni kila kitu hapa!" Mukhisa akaamuru wapagazi wake.

Kila kitu. Mchele, viazi, sufuria, na magunia manane, vyote vikapangwa kando ya moto mmoja.

"Jembe, hapa Mundu," akanong'ona, akijifanya anafunga kilemba. "Mzigo uko jikoni. Narudia, uko jikoni."

"Brandt yuko wapi?"

"Ametangulia pangoni. Gunia la kwanza linapanda sasa."

"Hatuwezi kutoka mafichoni kabla ya wenye bunduki kuingia. Ngoja."

Akangoja. Wapagazi walipanda na kushuka. Magunia yakapungua hadi likabaki moja. Mama mmoja akamwita akamfungulie choo kilichokwama, naye akaenda, kwa kuwa mpangaji wa safari angeenda.

Aliporudi, Phelista alikuwa ameinama juu ya sufuria kubwa la nyama.

Gunia lilikuwa wazi.

"Chumvi yetu imebaki Tuwan, unaamini?" Phelista akamwambia kwa mbali. "Nashukuru mzee ako na hii yake."

Akachota mchuzi kwa mwiko. Akaudondosha kiganjani, kama wapishi wote wafanyavyo. Akainua kiganja mdomoni.

Nangila alikimbia.

Hakukumbuka baadaye kama alipita juu ya viti au katikati yake. Alikumbuka mkono wa Phelista ukipaa alipoupiga, na mguu wake mwenyewe ukilipiga teke lile sufuria, na mchuzi ukitapakaa majivuni ukifoka moshi.

"Nyoka!" akapiga ukelele. "Nyoka kwenye kuni! Kimbieni! Basini! Wote basini!"

Hakuna aliyengoja kumwona huyo nyoka. Vitenge vikapepea. Mama Beth, mwenye magoti yake sawa, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Nangila alimshika Phelista kifundo cha mkono na kukisugua kiganja chake kwa majivu na maji, kwa nguvu, mara nyingi.

"Umeonja? Phelista, umeonja?"

"Bado! Ati nini mbaya? Unaniumiza!"

"Basini. Usiguse mdomo wako. Nenda!"

Phelista akaenda, machozi yakimlengalenga bila kujua kwa nini.

Hata wapagazi walikuwa wametimka. Uwanja ulibaki mtupu.

"Nyoka mwenyewe simwoni," sauti ikasema nyuma yake.

Mukhisa alikuwa amesimama kando ya gunia. Tabasamu lake halikuwepo. Mahali pake palikuwa na bastola.

*

Mukhisa alimruhusu kubeba hotpoti, chombo cha kutunzia chakula kikiwa moto.

"Ni chapati za daktari," Nangila alikuwa amesema. Mukhisa alifungua kifuniko, akaona chapati zimepangwa, akachukua moja na kuila wakipanda. Mkono wake wa pili ulishika mtutu mbavuni mwa Nangila.

Chini ya chapati hizo ilikuwa sahani ya bati. Chini ya sahani ilikuwa bastola yake, Glock 19.

Pango lilifunguka ghafla mbele yao, jeusi, likitoa harufu ya popo na mavi ya ndovu. Maji yalidondoka mdomoni mwake kama pazia. Hatua chache tu ndani, ile punje sikioni ikakwaruza, ikanyamaza. Mwamba ulikuwa umekata mawasiliano.

Sasa alikuwa peke yake.

Taa za kichwani zilimulika kuta zilizochorwa na pembe za vizazi vya ndovu. Brandt alikuwa amepiga magoti akinyunyiza chumvi kwa mikono yenye glavu nene. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wenye AK-47 na msumeno wa injini. Walikuwa wamefika, basi. Ilibaki kumjulisha Kipyegon, na hakuwa na njia ila mlio wa risasi.

"Huyu si mpangaji wa safari," Mukhisa akasema. "Amemwaga nyama ya watu wote."

Brandt akainuka. Akavua glavu moja, akafuta jasho.

"Kama ni mpangaji tu," akasema kwa upole, "hataogopa chumvi."

Akamsogezea bakuli la chumvi.

"Lamba."

Nangila alitazama ule unga mweupe. Ulikuwa safi, mzuri, kama wa mezani kwa mama yake. Alimwona Levi kando ya ukuta.

"Lamba, dada," Mukhisa akarudia. Mtutu ukamdidimia mbavuni.

Nangila akainua bakuli kwa mkono wa kulia. Hotpoti ilikuwa kwapani kushoto. Akainamisha kichwa. Akabana pumzi.

Akalirusha usoni kwa Brandt.

Brandt alipiga mayowe yaliyojaza pango zima. Popo wakafumuka darini kwa maelfu, wakavuma kama upepo, wakapiga taa, wakapiga nyuso. Risasi ya Mukhisa ilipasua mwamba karibu na sikio la Nangila. Lakini Nangila alikuwa tayari chini, chapati zimetawanyika, kidole kiko kwenye Glock.

Akafyatua mara moja.

Mukhisa alianguka ameshika goti.

Wenye AK hawakujua wampige nani katika lile wingu la mabawa. Wakatupa msumeno, wakakimbilia mwanga wa nje.

"Bunduki chini! Lala! Lala chini!" Ilikuwa sauti ya Kipyegon, na kwa mara ya kwanza ilikuwa imepanda.

Brandt alikuwa akigaagaa, akijikwangua ulimi kwa kucha. "Maji! Nakufa! Maji!"

Nangila alimtazama. Ingekuwa rahisi kuondoka tu.

Akang'oa kifuniko cha chupa yake ya maji, akamshika nywele, akammwagia usoni.

"Usimeze. Tema. Nimesema tema! Utaishi, daktari. Una mengi ya kusema, na utaanza na jina la Levi."

*

Saa sita mchana watu wenye mavazi ya kujikinga walikuwa wakikwangua sakafu ya pango na kufunga magunia, kijito kimezibwa kwa muda kwa mifuko ya mchanga. Brandt alikuwa ameshushwa kwa machela, hai, amefungwa pingu. Mukhisa alishushwa akiomba wakili.

Akina mama walisimama kando ya basi wakitazama.

Mama Beth alimsogelea Nangila. Akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu vyenye matope.

"Nangila. Huyo nyoka wako alikuwa na bunduki?"

"Nyoka wa siku hizi, mama."

"Ngai, Mungu wangu!" akasema Mama Beth. "Na sisi tungekula ile nyama?"

Phelista alikuwa nyuma, ameketi kwenye ngazi ya basi, akikitazama kiganja chake kama kitu alichokiokota barabarani.

"Basi litawashusha Endebess," Nangila akasema. "Kuna hoteli, nimeshalipia. Mtakula mshibe. Msimame getini mpige picha, mandhari ni mazuri."

"Na wewe?"

"Mimi natembea kidogo."

Kipyegon alimfungulia mlango wa Land Cruiser alipopita. Nangila akatikisa kichwa, akaendelea na njia. Alitembea wima, bila haraka, mkono mmoja mfukoni, na akina mama wakamsindikiza kwa macho mpaka barabara ilipopinda nyuma ya mipodo.

Hapo, pasipoonekana na mtu, aliketi kwenye gogo.

Mikono ikaanza kutetemeka. Kisha magoti. Kisha mwili mzima ukamtetemeka, meno yakagongana, na machozi yakamtoka kwa ajili ya mpakiaji mmoja wa Bungoma. Aliuacha utetemeke mpaka ukachoka wenyewe. Mbega mmoja mweusi mwenye manyoya meupe alimtazama kutoka tawini, akatafuna jani.

Nangila akainuka. Akapangusa sketi, akafunga kilemba upya, akateremka mlima.