Jongoo na Mtungi

Kinu kilimeza gari jeupe kufumba na kufumbua. Taya zake za sumaku zilikunja milango, zikaponda vioo, kisha upande wa pili kikatema pande la chuma lisilozidi sanduku la nguo. Moshi hakuna, kelele hakuna, ila mguno mmoja tu wa mtu aliyeshiba. Hivyo ndivyo Jiji la Tukuyu lilivyoyaaga magari yake ya zamani. Na hakimu wa yote hayo alikuwa Tabibu, mashine yenye mikono mingi myembamba, aliyetambaa chini ya gari, akachomeka nyaya zake, akasoma kumbukumbu zote za gari tangu lilipozaliwa kiwandani, kisha akatamka hukumu. Ama "Lipite", ama "Kinuni".

"Kinuni," Tabibu alisema akiwa chini ya gari la Tusekile. "Betri imezeeka. Haina nguvu ya kupanda."

"Umezeeka wewe na mama yako!" Tusekile alimaka, kisha akakumbuka kwamba mashine haina mama.

Hasira yake ilikuwa na sababu. Tusekile alikuwa mkunga wa Ibwigo, kijiji kilichojibanza juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukungu hushuka ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wa jiji walisafiri kwa vipepeo, yaani teksi za angani zisizo na dereva, zinazoona njia kwa miali ya mwanga. Lakini ukungu ukizidi, miali hiyo hurudi bure. Vipepeo hukunja mabawa, hukaa chini na kusema kwa sauti tamu, "Tunaomba radhi, hali ya hewa si rafiki." Sasa mwambie hayo mama aliyeshikwa na uchungu! Siku kama hizo hapakuwa na chombo cha kumshusha mzazi hospitali ila gari hili la umeme, refu, la magurudumu manene, ambalo mumewe, Asajile, alilinunua mtumba kwa fundi mmoja wa Dar. Tusekile alilitengeneza mwenyewe tangu siku lilipofika: breki, bushi, shokapu, hata dirisha lililogoma kushuka. Asajile hakujua tofauti ya spana na bisibisi, na wala hakuona haya kusema hivyo.

Tatizo ni kwamba gari lilikuwa limeanza kugoma milimani. Jua likiwaka linapanda vizuri. Asubuhi ya baridi linaguna, linatetemeka, linasimama katikati ya kilima. Majirani wakalibatiza jina la Jongoo. Na kwa kuwa kila mtu anajua jongoo hapandi mtungi, utani haukukaa kwenye gari; ulimpanda mwenye gari.

"Pole, wifi," wanawake wa sokoni walimwambia Tusekile kwa macho ya kicheko. "Tumesikia la nyumbani halipandi."

Asajile alicheka nao, lakini siku hizi sokoni hakanyagi.

Sheria ilimpa mwenye gari rufaa moja. Nyuma ya uwanja wa Kinu palijengwa kilima cha zege, chembamba chini, kimetuna katikati, na watu wakakiita Mtungi. Gari likikipanda mpaka kileleni, hukumu inafutwa.

"Njoo nalo kesho asubuhi," alisema Gwakisa, mlinzi wa Kinu, mwanamume mpole ambaye kazi ile ilimfundisha kutotazama watu usoni. "Likipanda, ondoka nalo. Lisipopanda, dada yangu, usije kunililia. Kinu hakibembelezwi."

Jongoo alijikongoja mpaka Ibwigo. Alipofika tu, Tusekile alifungua boneti, akapitisha mkono kwenye mipira ya maji, mmoja baada ya mwingine. Akasimama. Akaishika tena.

"Baba Lusajo, hebu njoo ushike hapa."

Asajile alishika. "Baridi."

"Na hapa?"

"Baridi vilevile. Kwani vibaya? Si ndiyo vizuri, halichemshi?"

"Mume wangu, gari limetoka kupanda mlima mzima! Mimi mwenyewe nikipanda natoka jasho. Hili linatoka huko likiwa baridi kama maji ya kisimani?"

Betri ya gari la umeme, kama mwili wa mtu, hufanya kazi ikiwa vuguvugu. Maji huzunguka ndani yake, na njiani kuna vali, mlango mdogo wenye akili. Betri ikipata joto, mlango hufunguka ili maji yaende kupoa kwenye rejeta. Betri ikiwa baridi, mlango hujifunga na maji hubaki ndani yakipashwa moto. Kama maji yalikuwa baridi pande zote, basi mlango ule haukuwahi kufungwa. Tusekile aliweka karai chini, akamwaga maji, akafungua nati za kikombe cha chuma kinachobeba vali. Akachungulia.

Ndani mlikuwa mtupu. Vali haikuwepo kabisa! Na waya uliotakiwa kwenda kwenye vali ulikuwa umepindwa, ukaunganishwa na mwenzake na kuvishwa utepe mweusi, ili kompyuta ya gari iamini kwamba vali ipo na inafanya kazi.

"Asajile! Yule fundi wa Dar alikwambia nini siku unalinunua?"

Asajile alijikuna kisogo. "Alisema... alisema, 'Mzee, kuna kidude nimekitoa. Hicho ni cha nchi za baridi, huku nchi ya joto hakina kazi.' Mimi nikamshukuru."

"Nchi ya joto!" Tusekile alipiga mkono pajani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Yaani huyo hajawahi kulala Ibwigo hata usiku mmoja!"

Lakini kicheko kilikatika alipofikiria kesho. Alirudisha maji, wakarudi mjini na Jongoo kutafuta vali kabla jua halijazama. Kwenye foleni ya Kinu palikuwa na gari la aina ileile, lililopondeka kwenye ajali, mali ya mtu wa Makete, kwenye baridi kali, ambako hakuna fundi anayethubutu kusema habari za nchi ya joto. Gwakisa alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Chukua. Kinu hakitajua kama kimekosa mchuzi."

Vali ilitoka nzima. Gasketi yake, mpira wa kuzuia maji yasivuje, ilikuwa imeoza, basi Tusekile alikata nyingine kwa kisu kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akafunga, akakaza, akakata ule waya wa uongo na kuunganisha wa kweli. Kwenye dashibodi pakawaka taa ndogo ambayo hakuwahi kuiona tangu alipolifahamu gari lile.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko uji. Vipepeo vyote vya jiji vilikuwa chini vikiomba radhi, na abiria wao, kwa kukosa la kufanya, walijazana kwenye uzio kutazama. Wanawake wa sokoni nao walikuwepo.

Tusekile aliwasha gari. Halikwenda. Sauti ambayo haijawahi kusikika ndani yake ikasema, "Betri inapata joto. Subiri."

"Jongoo huyo!" mtu alipiga kelele. Uzio mzima ukaangua kicheko. Asajile, aliyekaa kiti cha mbele, alijikunyata. "Mama Lusajo, tutaaibika."

"Limesema tusubiri. Tunasubiri."

Tabibu alinyanyua mkono. "Muda wa mtihani unapita."

Taa ndogo ikageuka kijani. Tusekile akakanyaga.

Ee bwana wee! Gari liliondoka kama lililofukuzwa na nyuki. Lilipita sehemu nyembamba ya Mtungi, likapita tumboni pale magari mengi yanapofia, magurudumu yakiuma zege, bila kuguna wala kutetemeka, mpaka likasimama kileleni, pua yake juu ya ukungu.

"Jongoo kapanda mtungi!" mama mmoja wa sokoni alipasua vigelegele, na wenzake wakadakia. "Jongoo kapanda mtungiii!" Asajile alitoa kichwa dirishani, akapunga mikono yote miwili kama aliyechaguliwa ubunge, na hakuna aliyemlaumu.

Waliposhuka, Tabibu aliwasogelea. "Nilisoma kumbukumbu zote," alisema. "Vali ilisema ipo."

"Waya ndio uliosema. Mimi niliweka mkono." Tusekile akamweleza yote: fundi, utepe mweusi, nchi ya joto.

"Yapo magari mengi yaliyotoka pwani," Tabibu alisema polepole, "niliyoyahukumu kwa dalili hizi hizi."

Gwakisa alivua kofia. "La kaka yangu lilitoka Dar," alisema. Watu wa Ibwigo walijua mengine: siku moja ya ukungu, gari lile likiwa limekwisha pondwa, shemeji yake Gwakisa alijifungulia njiani akiteremka kwa miguu, na mtoto hakupona. Tusekile ndiye aliyemfunika mtoto yule shuka. Alimshika Gwakisa bega.

Simu ya Tusekile ikaita. Ibwigo. Mama wa uzao wa kwanza, uchungu umeanza.

"Twende," alimwambia mumewe, na Jongoo akageuza pua kuelekea mlimani.

Nyuma yao Kinu kilikuwa tayari kimefungua taya kwa gari la kwanza kwenye foleni, lililowasili punde tu. Tabibu alinyoosha mkono wake wa chuma, akaugusa mpira wa maji wa gari lile, akaurudisha. Mkono ule haukuwa na ngozi ya kuonja baridi wala joto.

"Gwakisa," alisema, "niwekee mkono."

Gwakisa alipiga magoti, akashika mpira.

"Baridi," alisema, kisha akainuka, akaenda kukizima Kinu mwenyewe.