Ukuta Mweupe wa Mama

Mimi ni fundi rangi, nina miaka arobaini na miwili, mke na watoto watatu, naishi Nangara hapa Babati. Haya ninayoyaandika sijamwambia hata mke wangu yote. Nisomeni, kisha mnihukumu mnavyotaka...

Mwaka jana mafundi kadhaa tuliitwa kufundishwa rangi mpya. Mtaalamu alitueleza kwamba ndani yake mna dawa ambayo, ikipigwa na mwanga wa jua, huvunjavunja baadhi ya hewa chafu inayogusa ukuta. Nilishangaa sana! Alipoanza kueleza masharti, mimi nilikuwa nimeshatoka nje kumpigia simu mchora mabango. Nilitaka niwe wa kwanza mjini.

Wakati huo nilikuwa nimemchukua mama yangu kutoka kijijini Sigino aje aishi nasi. Kifua kilikuwa kinamsumbua kwa sababu ya miaka mingi ya kupikia kuni. Nikampakia chumba chake rangi ile. Mama alipapasa ukuta, akaniombea baraka hadi nikaona haya.

Tatizo likawa dirisha. Linatazama barabara, na bodaboda zikipita vumbi jekundu linaingia. Wiki mbili tu ukuta ukaanza kubadilika. Sasa wateja ningewaonyesha nini? Nikagongelea ubao dirishani, nikaweka taa ya umeme iwake mchana kutwa. Nilijiambia mwanga ni mwanga... Jamani, ujuaji wangu!

Baridi ilipoanza, mama aliomba jiko la mkaa la kuota. Mke wangu, Mama Neema, alisema litamdhuru. Nilimcheka. Nikamwambia ukuta utamaliza kila kitu, na asinifundishe kazi yangu.

Kila mteja nilimpitisha chumbani. Wakimwamkia shikamoo, mama aliitikia marahaba kwa pumzi fupi.

"Muulizeni mwenyewe," nilikuwa nasema. "Mama, kifua unakionaje?"

"Nahema vizuri, mwanangu. Rangi yako ni nzuri."

Walitoka wakinisifu. Mtaani wakaanza kuniita Daktari wa Kuta, nami nikawa naitika! Sikujiuliza kwa nini mama alishika ukingo wa kitanda akisema vile. Sikujiuliza kwa nini kichwa kilimuuma kila alipoota jiko. Ningejiuliza saa ngapi, na sifa zimenijaa masikioni?

Mchana mmoja wa mvua nilirudi na mteja. Nikagonga, kimya. Nikafungua... Mama alikuwa ameanguka kando ya jiko, taa inawaka, ukuta mweupe pe! Nilimpakia kwenye bajaji huku nalia.

Hospitalini daktari aliniuliza kama chumba kina dirisha. Nikamwambia nililigongelea ubao. Alisema mkaa unatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, na inaua. Nilimpigia simu yule mtaalamu, nikitumaini atanitetea.

"Fundi, si niliwaambia?" alisema taratibu. "Rangi ile inasaidia kidogo tu, inataka jua, na hewa ya jiko la mkaa haiiwezi. Madirisha lazima yafunguliwe."

Hayo ndiyo masharti niliyoyakimbia.

Siku ya pili mama alizinduka. Nilipiga magoti, nikamwambia kosa ni langu. Alinishika mkono, akamgeukia muuguzi, sauti ikikatika:

"Usiwaambie watu habari ya rangi, binti yangu. Wateja watamkimbia mwanangu."

Jioni ile alifariki.

Kumbe siku zote zile hakuwa anahema vizuri! Alikuwa ananisitiri mbele ya wageni, mimi mwanawe niliyemfungia dirisha.

Ubao nimeshaung'oa. Jua linaingia, vumbi nalo linaingia, na ukuta umekuwa mwekundu. Siufuti.

Ndugu zangu, msiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hata mkiambiwa kuna rangi gani ukutani. Mkifundishwa kitu kipya, kaeni msikilize hadi mwisho. Na mzazi wako akisema mbele ya wageni kwamba yuko salama, subiri wageni waondoke, urudi umuulize tena.

Mimi sikurudi kumuuliza.