Paa la Ute

Kidonda kilianza kunuka chuma kilichoungua, na mchinjaji akaacha kulalamika. Harufu mkewe angeielewa. Kilichomtia baridi ni ule ukimya, maana mumewe akijichoma mwiba tu, mtaa mzima husikia.

Mkewe alikuwa muuguzi. Wodini alikwangua vidonda vya watu bila kupepesa macho. Hiki cha muundi, ambacho mumewe alikipata kwa kujikata na shoka la kuvunjia mifupa, alikionea huruma, hakukikwangua. Kila siku aliweka bendeji mpya yenye madini ya fedha juu ya ute uleule uliokitanda. Mganga hajigangi, wala hawagangi wake.

"Wifi, si ulisema bendeji hii inaua vijidudu?" dada wa mchinjaji alinong'ona mchana ule, kaziba pua kwa khanga. "Mbona vinanenepa?"

"Fedha inaua inachokigusa. Hivi vimejijengea paa la ute, mimi napaka dawa juu ya bati."

"Basi libomoe. Kesho daktari anaukata mguu."

Walifunga mlango wa chumba alimolala mchinjaji. Dada yake, wifi wa muuguzi, akaukalia mguu kwa uzito wake wote, na Mungu hakumnyima. Muuguzi akamwaga maji ya chumvi, akazamisha kijiko cha kukwangulia.

Mchinjaji akacheka. "Bisha hodi vizuri," ilisema sauti nzito, ikitoka kidondani, si kinywani. "Humu tunaishi wengi."

"Mama yangu!" wifi alilia.

"Shikilia!"

Akakwangua, na ute ukavutika, ukamzunguka vidole, na kila alipong'oa kipande akasikia milango ikibamizwa ndani ya nyama na nyayo nyingi zikikimbilia chini zaidi, karibu na mfupa, hadi mkono wa mumewe ukaruka ukamkaba koo, wifi akaung'ata mpaka ukaachia, damu ikatapakaa ukutani, na kijiko kikafika kwenye nyama nyekundu, nyama hai.

Akaikandamiza bendeji hapo. Kidonda kikanguruma, kikatoa moshi.

"Mama watoto, inauma! Niache!" mchinjaji alipiga yowe kwa kinywa chake.

"Karudi!" wifi alisema. "Anasikia maumivu. Mwache!"

"Niache, mama watoto," kidonda nacho kilisihi, kwa sauti ileile.

Muuguzi akainua bendeji. Ukingoni ulibaki ute, mwembamba kama ngozi ya maziwa, ukipumua.

Alifuta machozi kwa bega.

"Nisamehe," alisema, "yeyote kati yenu aliye mume wangu."

Akakwangua tena.