Bangi Katika Maji ya Simbilisi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Reine alifagia jikoni na kuwapa simbilisi wake matembele. Katika mtaa wao mjini Kalemie watoto wengi hufuga wanyama hawa wadogo, wanaolala karibu na mafiga na kupiga miluzi wakisikia mwenye majani anakuja. Mmoja wao alikuwa amezaa juzijuzi, na Reine aliwapenda wale watoto kupita kiasi.

Wiki hiyo simbilisi walianza kukohoa. Mfa maji hukamata maji: Reine akakumbuka dawa ya jirani yao, Mama Jeannette. Ugonjwa wa kuku ukiingia mtaani, mama huyo huchemsha bangi, huwanywesha kuku maji yake, kisha huapa kwamba hawafi. Wale wanaokufa yeye hawataji. Reine alijua bangi ilipo, kwa kuwa kaka yake Elysée, kijana wa miaka kumi na sita, aliificha ndani ya wavu mkuukuu nyuma ya nyumba. Alichukua konzi moja, akaichemsha, akawanywesha.

Jioni hakusikia miluzi. Simbilisi mama alikaa pembeni macho wazi, akitetemeka kila alipoguswa. Watoto wake walilia wakitafuta maziwa, naye alikuwa kama hawasikii. Paka alipoingia, hakukimbia hata mmoja. Reine alipofika alikuta damu kwenye majivu, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mjomba wao Isidore, mwalimu wa biolojia, alikuwa amekuja kula bukari, ugali wa kwao. Aliwatazama simbilisi waliobaki.

"Wamekunywa nini?"

"Maji tu, mujomba."

"Reine, niko nakuuliza polepole."

Reine alimtazama kaka yake, aliyekuwa amekaa mezani. Akisema, Elysée atapigwa, na labda atafukuzwa shule. Lakini Elysée huyu, aliyekuwa wa kwanza darasani, siku hizi husahau neno likiwa bado mdomoni. Reine aliogopa hilo kuliko fimbo ya baba.

"Bangi," alisema, akimwonyesha kaka yake kwa kidole. "Ya yaya Elysée."

Elysée alicheka kidogo. "Ni majani tu, mujomba. Inanitulizaka."

Isidore hakupandisha sauti. "Nilipokuwa nasoma Lubumbashi, tulikuwa na panya maabarani. Tuliwapa ile kemikali ya bangi inayolewesha. Kidogo, walitulia. Tukaongeza, wakaogopa hata kona za kizimba chao. Tukawaweka kwenye vijia vyenye kona nyingi watafute chakula mahali walipopazoea, wakazunguka tu. Tulipoacha kuwapa, wakubwa wengi walikumbuka tena. Wale walioanza wangali vijana walikua, na wengi waliendelea kupotea. Ubongo wao ulikuwa bado unajengwa, kama wako."

"Mimi si panya."

"Kweli. Niambie basi, jana shuleni mulisoma nini?"

"Tulisoma... Tulisoma..." Elysée alirudia neno lilelile. Hakukumbuka hata somo moja, akafunika uso kwa mikono. Mwishowe alitoka, akauleta ule wavu, akaenda kuimwaga bangi yote chooni.

"Kesho tutaenda kwa daktari pamoja," Isidore alisema. "Na baba yako nitaongea naye mimi."

"Vilivyopotea kichwani vitarudi, mujomba?" Elysée aliuliza.

Isidore alimshika bega. "Sijui. Panya wengine akili iliwarudia, wengine hapana. Wao hawakuwa na muntu wa kuwasemea. Wewe dada yako amesema ukweli, akijua unaweza kumuchukia. Njo maana unaacha bangi leo, mutoto wangu, ungali na akili ya kuuliza swali hilo."