Kitabu Alichokisoma Mwalimu Mkuu

Nyumbani walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa sawasawa. Asubuhi aliosha vyombo upande wa ndani tu, akafagia mpaka nyuma ya mlango na kuziacha taka zipumzike hapo. Kisha alimuaga mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, akidai amemaliza kila kitu.

Shuleni, mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewapa wanafunzi wiki nzima ya kusoma hadithi, riwaya na tamthilia za maktabani. Kila mwanafunzi achunguze neno "chagua" linatumikaje humo: nani analisema, anamwambia nani, na baadaye hutokea nini. Chapuchapu aliitumia wiki hiyo kuruka kamba. Siku ya kusoma kazi mbele ya wenzake ilipofika, hakuwa amefungua hata jalada moja. Basi akatunga.

"Mfalme akamwekea binti wa fundi saa vitu viwili mezani," alisoma, macho makavu. "Akamwambia: Chagua. Saa hii itakurudishia jana, na hii itakuonyesha kesho. Ukigusa moja, nyingine itasimama milele."

Mwalimu akavua miwani, akamwomba arudie, kisha akauliza hayo yametoka kitabu gani. Chapuchapu alijibu bila kupepesa kwamba kinaitwa Binti wa Fundi Saa, na kwamba kipo maktabani, rafu ya chini.

Mambo yangeishia hapo, lakini mwalimu mkuu alikuwa akipita dirishani, naye hakuwa mtu wa kukubali kwamba kuna kitabu hajakisoma. Aliingia, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema alikisoma humu humu shuleni, tena mwisho wake ulimtoa machozi. Chapuchapu almanusura acheke. Yeye mwenyewe hakuujua mwisho huo.

Mchana nusu ya darasa ilipanga foleni maktabani kukiazima. Mkutubi, mama mpole ambaye wanafunzi wote walimwita Shangazi, alipekua rafu ya chini, ya kati na ya juu, akapanda kiti, akapiga chafya, akashuka mikono mitupu. Kesho yake alihamisha makabati. Chapuchapu alishika upande wa pili wa kabati, akatokwa jasho kukitafuta kitabu ambacho alijua fika kimo kichwani mwake tu. Rafiki yake wa dawati moja, alipodokezwa siri, alimshauri aseme kimeliwa na panya. Chapuchapu alilipenda wazo hilo, ila hata panya huacha makombo.

Hatimaye mwalimu mkuu akafika maktabani, mikono nyuma. Alisema kitabu hicho alikiona kwa macho yake kwenye rafu hiyo hiyo, na kitabu hakina miguu. Kama Shangazi ameshindwa kutunza vitabu, Ijumaa akabidhi funguo, maktaba ifungwe mpaka apatikane mtu makini.

Shangazi alikaa kitini, akajifuta macho.

"Labda ni mimi," alisema. "Siku hizi nasahau sana."

Hapo Chapuchapu akaona aibu, ile ya kweli inayochoma masikio. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwani hakuna aliyemshuku, na shahidi wake alikuwa mwalimu mkuu mzima. Lakini alishindwa kumtazama Shangazi akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

"Shangazi, hujasahau kitu," alisema. "Kitabu hicho hakipo. Nilikitunga kwa sababu sikusoma. Nisamehe."

Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni, aliinua kichwa. Wote wakamgeukia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema huenda alikichanganya na kingine, kisha akakumbuka kwamba ana kikao. Alipofika mlangoni akasita.

"Funguo baki nazo, Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Nami uniwie radhi."

Adhabu ya Chapuchapu ilikuwa kuirudia kazi kwa kusoma kweli, kila mapumziko, mbele ya macho ya Shangazi. Alianza kwa kununa. Shangazi alimnong'oneza akitaka kujua yule binti aligusa saa ipi, akasikitika kuambiwa kwamba hata mtunzi hajui. Siku zilivyokwenda, Chapuchapu akawa hasikii hata kengele ya kurudi darasani.

Alipomaliza, alimwendea mwalimu nje ya maktaba.

"Mwalimu, vitabuni wanaosema 'chagua' ni wafalme, majambazi na akina baba wakali," alisema. "Humwambia mnyonge, na yote anayowekewa ni mabaya. Lakini mtu akifanya jambo kubwa kwa moyo wake, mara nyingi neno hilo halitajwi. Anafanya tu."

Mwalimu akamuuliza, siku ile maktabani, nani alimwambia achague.

"Hakuna, mwalimu."

"Basi siku ile ulichagua wewe mwenyewe," mwalimu alisema. "Uvivu wako ulizaa uongo, na uongo huo ulikaribia kumpokonya mtu kazi yake. Kusema kweli kulikuaibisha, lakini Shangazi yupo hapa leo kwa sababu ulisema."

Chapuchapu akageuka. Shangazi alikuwa mlangoni, akiwafungulia watoto maktaba.